Tungsteni ipi ununue kwa mashine ya TIG: kutoka bluu hadi kijani

Tungsteni ni kijiti cha metali kinachotoa moto kwenye tochi ya TIG, uchomeleaji wa umeme unaokingwa na gesi ya argoni. Huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi. Ncha ikigeuka tone, ikipasuka au ikiwa nyeusi, kuna kilichoiumiza, na mara nyingi si rangi uliyonunua (ile iliyopakwa mwisho wa kijiti kuonyesha aina yake): ni unene usiolingana na ampea, gesi isiyofaa, au koleti (kibano kinachoshika tungsteni ndani ya tochi) iliyolegea. Rangi nayo ina kazi yake. Tumezipanga kwa karakana inayochomelea stenlesi nyembamba, chuma cha kawaida na alumini ya hapa na pale, kwa mashine ya inveta.

1. Bluu (WL20). Ina oksidi ya lanthani asilimia 2. Inashika moto upesi hata ampea zikiwa chache, haiharibu ncha haraka, na inafanya kazi kwenye DC (umeme wa upande mmoja) na AC (umeme unaogeuka pande). Mwenye pesa ya pakiti moja tu achukue hii.

2. Dhahabu (WL15). Ni ndugu yake bluu, lanthani asilimia 1.5. Kwenye bomba la reli ya ngazi hutaona tofauti. Duka likiwa na dhahabu tu, usipande gari kwenda kutafuta bluu.

3. Zambarau. Huu ni mchanganyiko wa oksidi kadhaa, na ule mzuri hausumbui kabisa. Shida ni kwamba kila mtengenezaji ana mapishi yake, na rangi ya zambarau haikuambii ndani kuna nini. Inunue tu kama pakiti imeandika mchanganyiko wake.

4. Kijivu (WC20). Seria asilimia 2. Kwa bati la milimita 1 na mabomba membamba inashindana na bluu bega kwa bega. Ukiipandisha ampea na kuiweka hapo muda mrefu, ncha hupoteza umbo.

5. Nyekundu (WT20). Mafundi wengi wa zamani hawataki kusikia nyingine, na kwenye DC ya ampea kubwa kweli ni ngumu. Lakini ina thoria asilimia 2, na thoriamu ina mionzi. Ikiwa nzima mkononi si tatizo kubwa; hatari ni vumbi la kunoa likiingia mapafuni. Bluu inafanya kazi hiyohiyo bila kero hiyo, ndiyo maana nyekundu imeshuka hadi hapa. Kama unazo tayari, noa ukiwa na barakoa ya vumbi, futa meza kwa kitambaa kibichi, na usipulize vumbi kwa kompresa.

6. Nyeupe (WZ8). Zirkonia, kwa alumini kwenye AC. Haina kazi nyingine.

7. Kijani (WP). Tungsteni tupu. Ilifaa alumini kwenye mashine nzito za transfoma. Kwenye DC inawaka kwa shida, na ncha yake huviringika kuwa tone. Mwenye inveta aiache dukani hata ikiwa rahisi kiasi gani.

Unene ndio unaookoa ncha

Tochi ikiwa kwenye hasi ya DC, ya milimita 1.6 hubeba hadi ampea 150 hivi, ya 2.4 hadi 250, ya 3.2 hadi 400. Kwenye AC punguza. Ukizidisha, ncha inayeyuka na vipande vyake vinaingia kwenye mshono. Ukinunua nene mno, moto unatangatanga na hautulii kwenye kona. Tochi ya WP-17 (ile inayopozwa na hewa) yenyewe hukadiriwa kama ampea 150, kwa hiyo 3.2 ni pesa ya bure kwake. Nunua pakiti ya 1.6 kwa stenlesi nyembamba na ya 2.4 kwa alumini.

Tochi ikifungwa kwenye chanya kwa bahati mbaya, karibu theluthi mbili ya joto hurudi kwenye tungsteni. Ncha nzima itageuka tone ndani ya sekunde chache. Kwenye AC ni hivyohivyo kwa kiasi: ukiongeza mno upande wa kusafisha kwenye balansi (muda ambao tochi inakuwa chanya), unaichoma ncha.

Vinavyonunuliwa pamoja nayo

Koleti na mwili wake viwe vya namba ileile ya tungsteni. Ya 1.6 ndani ya koleti ya 2.4 haigusi vizuri, umeme unaruka katikati, na koleti inaungua. Ongeza lenzi ya gesi: hutuliza mkondo wa argoni, hivyo unaweza kuitoa ncha nje zaidi ukiwa kwenye kona. Bila lenzi, ncha isitokeze kuzidi kipenyo cha mdomo wa nozeli (kikombe cha gesi mbele ya tochi). Nozeli namba 6 ina mdomo wa milimita 9.5 hivi; kwake weka lita 7 hadi 10 za gesi kwa dakika. Ukifungua zaidi, gesi huchafuka na kuvuta hewa.

Gesi iwe argoni safi, asilimia 99.99 au zaidi. Muuzaji akikupa mtungi wa MIG (uchomeleaji wa waya) wenye kaboni dayoksaidi, ncha itaungua na kuacha unga wa manjano. Hakuna rangi ya tungsteni itakayokuokoa hapo.

Baada ya kuzima, gesi iendelee kama sekunde moja kwa kila ampea 10, isipungue sekunde 5. Ncha ikitoka ya bluu au nyeusi, ongeza muda. Kwenye tochi yenye vali ya mkono, usifunge gesi wala kuinua tochi mpaka ncha ipoe.

Kunoa na kukata

Jiwe la kunolea tungsteni lisiguse chuma kingine. La almasi ndilo bora. Mikwaruzo iende kwa urefu, kutoka mwilini kuelekea nchani, kwa sababu ya mviringo hupotosha moto. Urefu wa ncha uwe mara mbili hadi mbili na nusu ya unene. Kwa ampea kubwa, bapaza kidogo mwisho wa ncha, la sivyo kile kisindano kinadondokea kwenye kazi.

Ukiichovya kwenye chuma kilichoyeyuka, simama. Usijaribu kuichoma ijisafishe. Ikate, lakini si kwa koleo tu, maana hupasuka kwa urefu na ufa hauonekani mpaka uwashe. Ichonge mfereji mwembamba kuizunguka kwa jiwe, kisha ivunje hapo kwa koleo mbili.

Ukiwa kaunta

Soma herufi kwenye pakiti, usitegemee rangi pekee: dhahabu na kijivu zilizofifia hufanana. Viringisha vijiti viwili vitatu juu ya kioo cha kaunta, kilichopinda kitayumba. Pima kwa venia pande zote mbili, kwani ya 2.4 iliyo nyembamba upande mmoja italegea kwenye koleti. Ukifika karakana, noa upande usio na rangi, ili wiki ijayo bado ujue umeshika ipi.