W-34/70 kwenye baridi ya Kabale: uzoefu wangu na hamira hii

Napika bia nyumbani Kabale, Uganda, lita 20 kwa kila upishi. Baridi huku ni ya bure, usiku kipimajoto hushuka karibu na nyuzi 10, ndiyo maana nikaachana na hamira zinazopenda joto. Pakiti ya SafLager W-34/70, hamira ya laga (bia inayochachushwa kwenye baridi), ina gramu 11.5, nami hutia mbili. Nilipotia moja, siku tatu zilipita bila povu.

Majirani, wapishi wa omuramba, bia ya kienyeji ya mtama, huniuliza kwa nini bia hii hutoka kavu na safi hivi. Jibu langu ni kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Saccharomyces cerevisiae, ile tunayoijua, ina kromosomu 16 kwa kila seti. Hamira ya laga ni chotara wake na Saccharomyces eubayanus, mzazi anayestahimili baridi, aliyetambuliwa Patagonia, Amerika Kusini, mwaka 2011. Machotara hao wana makundi mawili: Saaz, wenye takriban seti 3, moja tu ikiwa ya cerevisiae, na Frohberg, wenye takriban seti 4, mbili kwa mbili. W-34/70 ni Frohberg.

Tofauti hiyo nimeiona kwa macho yangu. Rafiki aliwahi kuniletea hamira ya Saaz. Kwenye baridi kali iliamka mapema kuliko yangu, haki yake niipe. Lakini haidromita, kipimo kinachoshuka kadiri sukari inavyoliwa, ilianza 1.048 ikagoma kwenye 1.017, na bia ikabaki na utamu mzito. W-34/70, kwa kimea kilekile, ilishuka hadi 1.009! Saaz wengi hawali maltotriosi, sukari ya kimea inayofuata maltosi kwa wingi. Frohberg wanaila, wakapata chakula zaidi. Hata mashapo ya W-34/70, yaani hamira iliyotuama, yalikuwa mazito zaidi chini ya ndoo. Kwa hiyo usihesabu seti tu, uliza pia zimetoka kwa mzazi yupi.

Bei inauma, na duka moja la Kampala liliwahi kuniuzia pakiti zilizokaa juani. Siku hizi nachukua zilizotoka kwenye friji tu.

Mashapo huyatumia tena, ila si bila kikomo. Hamira yenye seti nyingi inaweza kupoteza au kuongeza kromosomu kadiri inavyozaana, na tabia yake ikabadilika. Upishi wangu wa tano wa mashapo yaleyale ulichelewa siku nne kumaliza. Sasa baada ya mara ya tatu nafungua pakiti mpya.