Saluni ya Kirumba: kunyoa fresh, siasa ni bonasi

Jana nimenyoa saluni moja hapa Kirumba, Mwanza, ukishuka kuelekea mwaloni, elfu tatu na skrabu ndani. Fedi safi, mashine wanaipulizia spiriti mbele yako, ila foleni aisee, nimekaa lisaa lizima na feni yao inageuka kama imelazimishwa.

Ila sikuchoka maana kulikuwa na bonge la ubishi. Mzee mmoja anasifia yule seneta wa Marekani, John McCain, 2017 anatoka kugundulika kansa ya ubongo akaja bungeni usiku akaelekeza dole gumba chini, mswada wa chama chake mwenyewe wa kufuta sehemu ya sheria ya bima ya afya ya Obama ukafa 49 kwa 51. Dogo anayenyoa akasema huo ni usaliti, umeingia kwa jezi ya timu halafu unafunga goli lako? Mzee akamuuliza, kwani aliyekupigia kura ni chama au ni watu wa Igoma?

Hapo nikachomekea, kwetu ngumu, Katiba ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake na kiti kinaondoka, kwa hiyo wakikuvua uanachama umekwisha, McCain yeye aliamka kesho yake bado ni seneta. Dogo akaacha mashine hewani anafikiria, mimi nusu kichwa bado 😂

Nyota nne. Moja nimekata kwa taulo lenye unyevu. Nendeni asubuhi, jioni wateja wanajaa.