Kompyuta za kale kwa bei chee Dodoma: pa kuanzia na pa kupita tu

Wakuu, hii ni kwa wale wachache wenye ugonjwa kama wangu, mtu anapita zake Chang'ombe akiona monita ya chogo imetupwa nje ya stoo moyo unaruka. Nimewinda vitu hivi hapa Dodoma na vijijini kwake miaka kadhaa sasa, nimepata, nimepigwa, basi napanga hapa sehemu za kutafuta kuanzia ninayoipenda mpaka ile naigusa nikiwa sina namna.

Kwanza Commodore 64 na Apple II, zile kompyuta za nyumbani za zamani, zitoe kichwani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na TV nchini, kwa hiyo zile mashine watoto wa Uingereza na Marekani walikuwa wanachezea sebuleni miaka ya 80 huku kwetu karibu hazikufika, ukiikuta moja ujue alikuja nayo mmisionari au mtu wa mradi. Cha kuwinda huku ni mali za miaka ya 90 mpaka 2000 na kidogo, Compaq, IBM, kadi za sauti za Sound Blaster, kibodi nzito. Halafu tuna bahati yetu, Dodoma kukavu. Mashine iliyolala Tanga miaka 20 ukiifungua unakutana na kutu, ya huku unakutana na vumbi, na vumbi unalipuliza tu.

Namba moja kwangu ni stoo za misheni, shule na miradi iliyokwisha. Mvumi, Mpwapwa, mpaka Kilimatinde kule Manyoni, wazungu wamekaa huko miaka na miaka na walikuwa wanaletewa kompyuta za msaada. Zikifa hazitupwi, zinafungiwa chumba kimoja na magodoro na baiskeli mbovu. Ila usiende kama mnunuzi wa skrepa, nenda salimia, muulize mhasibu au mtunza stoo, sema unakusanya za kale, na omba risiti hata ya kuandika kwa mkono maana ile ni mali ya taasisi na hutaki kesho uitwe mwizi. Mimi huko nilipata kibodi ya IBM Model M, ile iliyoanza kutoka 1985, ina springi chini ya kila kitufe, ukiandika inalia kama mtu anabangua karanga. Nilitoa elfu kumi na soda mbili. Hiyo kitu kwenye soko la mtandaoni la eBay inafika dola 100 na zaidi. Igeuze nyuma, ina kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa, na uzito wake wa karibu kilo mbili wenyewe unakwambia. Kuichomeka kwenye laptop ya leo tafuta kigeuzi cha PS/2 (ile plagi ya duara ya zamani) kwenda USB chenye saketi ndani, vile vya plastiki tupu vya bei ya pipi mara nyingi havikubali.

Namba mbili mafundi, na hapa hata sio mbali na namba moja. Kila fundi wa siku nyingi ana boksi la makorokoro chini ya meza. Hajui kama kadi ya Voodoo ya 3dfx, ile ya picha za magemu, ina watu wanaoililia duniani, anajua haiingii kwenye mashine za sasa. Usimwambie "hii ni adimu", ukisema hivyo umejiua mwenyewe! Nunua kitu kingine, chukua boksi zima kwa jumla, au badilishana na RAM anayoweza kuuza leo, fundi anapenda kinachotoka haraka.

Namba tatu minada ya hadhara ya taasisi. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kweli kweli 2016, na ofisi kujengwa kule mji wa serikali Mtumba (jina lenyewe mtumba, ukitafuta vya zamani utacheka), vifaa chakavu vinauzwa na matangazo yanatoka. Shida vinauzwa kwa loti, unataka kadi moja unalazimika kubeba monita 15 na viti vitatu vya kuzunguka. Siku ya ukaguzi nenda na tochi na bisibisi, ukiruhusiwa fungua, usipige bei kwenye kitu ulichokiona kwa nje tu. Tafuteni mwenzenu mgawane.

Skrepa ni namba nne. Bei ni ya kilo, huwezi kupata rahisi kuliko hapo, lakini wanapondaponda, na prosesa za zamani kama Pentium Pro zina dhahabu ndani, wenye kujua wanazitoa mapema. Ukizoeana na kijana mmoja akupigie kabla hajashika nyundo, hapo inapanda hata namba mbili.

Mwisho kabisa kuagiza nje. Bei ya mzigo inakuwa nzuri, halafu usafiri, halafu tozo za forodha na VAT ya asilimia 18, mashine ya dola 60 inakuwa hadithi nyingine. Kadi ndogo sawa, kompyuta nzima hapana.

Kabla hujachomeka chochote: angalia kiswichi chekundu nyuma ya pawa saplai. Zilizotoka Marekani huwa kimewekwa volti 115, umeme wetu ni 230. Mimi sikuangalia, ulilia mlio mmoja, moshi, na jirani akaja na ndoo ya maji nikamzuia mlangoni. Pili angalia betri ya kwenye mazabodi (bodi kuu), kwenye mashine za zamani za prosesa ya 386 na 486 betri ni kale kapipa kanavuja na kula nyaya, ukiona ukijani jua kazi ipo, kang'oe, safisha kwa siki kidogo halafu spiriti. Mashine za mwanzoni mwa 2000 tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi, kama zimevimba kichwa. Na monita ya chogo usiifungue kama hujui, hata ikichomolewa inabaki na umeme wa kukurusha.

Mimi bado naitafuta laptop ya IBM ThinkPad 701 ya 1995, ile kibodi yake inakunjuka kama mbawa ukifungua. Kondoa niliambiwa ipo moja, nimeenda mara mbili, mara zote mwenye funguo ya stoo yuko shambani.