Tathmini ya huduma ya kuandaa CV kwa aliye kazini: steshenari moja ya Mwenge

Steshenari nyingi za Dar es Salaam huandaa CV kwa mtindo mmoja: mhudumu hufungua faili la mteja aliyetangulia, hufuta jina lake na kuingiza lako, kisha hukukabidhi karatasi mbili zinazoanzia shule ya msingi. Mhitimu anayetafuta ajira ya kwanza anaweza kuridhika nazo. Aliye kazini anayetaka kuhamia kazi nyingine hapaswi kuzikubali, kwa sababu mwajiri mpya anataka kujua kwanza amefanya nini tangu aajiriwe, na hilo ndilo linalosukumwa hadi mwisho.

Steshenari ninayoitathmini, iliyopo Mwenge, hufanya tofauti. Mwandaaji hulisoma tangazo la kazi, kisha humhoji mteja kabla ya kugusa kibodi. Nilipomweleza kwamba ni mhasibu msaidizi, hakuridhika na cheo. Aliuliza ninaandaa mishahara ya watu wangapi, ninatumia programu gani, ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na makato ya PAYE (kodi ya mishahara) huwasilishwa na nani, na wakaguzi wakija nani huwakabidhi vielelezo. Majibu hayo ndiyo yaliyojaza nusu ya ukurasa wa kwanza, yakifuatiwa na elimu kuanzia ngazi ya juu, na shule ya msingi ikaondolewa kabisa. Kwa maoni yangu, mahojiano hayo pekee yanastahili bei yake, ingawa inazidi ya maduka ya jirani.

Kuhusu wadhamini alikuwa makini vilevile. Aliuliza iwapo bosi wangu anajua kwamba ninaomba kazi kwingine, na kwa kuwa hajui, tukamweka msimamizi wangu wa zamani. Alitahadharisha pia kwamba mtumishi wa umma anayeomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoendesha usaili wa kazi za serikali, hutakiwa kupitisha barua yake kwa mwajiri, hivyo kwake siri hiyo haipo.

Kasoro niliyoiona ni sentensi anayoiweka chini ya kila CV, kwamba mwombaji yuko tayari kuanza kazi mara moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, kutoa notisi isiyopungua siku 28, kwa hiyo ahadi hiyo humfanya mwombaji aonekane yu tayari kumtoroka mwajiri wake. Niliomba iondolewe, ikaondolewa.

Jambo zito zaidi ni faili kubaki kwenye kompyuta ya duka, likiwa na namba za simu za wadhamini na habari za kazi ambayo bado ninaitegemea. Lilifutwa nilipoomba, baada ya kutumwa kwenye barua pepe yangu. Ninamsihi mwenye duka afute kila CV bila kungoja kuombwa.