Miezi 14 kwenye chekechea ya Montessori: uzoefu wangu

Nilimtoa mwanangu chekechea ya kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu. Vidole vyake vilikuwa havijaweza hata kushika penseli vizuri, lakini kila jioni alirudi na homuweki, na daftari limejaa alama za kukosa za kalamu nyekundu. Sasa yuko chekechea ya Montessori, mfumo ambao mtoto anachagua kazi na kujifunza mwenyewe kwa vifaa, hapa hapa Dar es Salaam, mwezi wa 14 huu.

Kabla ya kulipa niliomba kukaa darasani saa nzima, nikaruhusiwa. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wako chumba kimoja. Kila mmoja anachukua kifaa kwenye rafu ya kimo chake, anatandika kijamvi, anafanya kazi yake, akimaliza anarudisha. Kifaa cha kila aina ni kimoja tu, kwa hiyo anayekitaka anasubiri mwenzake. Wenyewe wanasema "mfuate mtoto", nami nilidhani ni kumwacha afanye atakalo. Kumbe utaratibu ni mkali kuliko kule tulikotoka, ila mwalimu hapandishi sauti.

Nilichokipenda zaidi ni herufi za msasa. Herufi inakatwa kwa msasa na kubandikwa kwenye kibao. Mtoto anaifuatisha kwa vidole viwili huku akitamka sauti yake, "mmm", si "em". Kwa Kiswahili chetu, kinachoandikwa kama kinavyotamkwa, njia hii inakubali sana. Jioni moja nasukuma chapati, akaja akachora m kwenye unga uliomwagika mezani, akaniambia, "Mama, hii ndiyo inaanza mama." Sikuwa nimemfundisha mimi.

Ada ni kubwa, na hilo linaniuma. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 San Lorenzo, mtaa wa maskini pale Roma. Huku kwetu imekuwa shule ya wenye nazo, wakati herufi za msasa fundi seremala yeyote anaweza kuzitengeneza.

Tena jina la Montessori halina mwenyewe, yeyote anaweza kulipaka getini. Nilitembelea moja yenye kibao kizuri, nikakuta watoto wamepangwa kwenye madawati wanaimba ABC, vifaa vimefungiwa kabatini visichafuke. Mzazi mwenzangu, usisome kibao. Omba kukaa ndani, na wakikukatalia, ondoka.

Mama mkwe bado ana wasiwasi. "Anacheza tu huyu, usaili wa darasa la kwanza ataupitaje?" Namwelewa, maana shule nyingi zinauliza kuandika kwanza. Usaili ni mwakani.

Lalamiko langu moja kwa chekechea yetu ni la mnara wa waridi, kifaa cha kupanga kimoja juu ya kingine: michemraba 10, mkubwa sentimita 10 kila upande, mdogo kabisa sentimita 1. Huyo mdogo alipotea, wakakaa wiki tatu bila kuleta mwingine. Nilijuaje? Mwanangu ndiye aliyeniambia kwenye daladala, amenuna, "Kadogo hakapo. Mnara haujaisha." Nilipomuuliza mwalimu, akasema hakuna mtu mzima aliyemwonyesha, aliupanga mwenyewe, akaona kileleni panakosa kitu, akaanza kukatafuta chini ya rafu.