Zoom ya bure kwa darasa la kuchora la wazee, Bagamoyo

Kwa wazee wa Bagamoyo wanaojifunza kuchora wakiwa majumbani, Zoom ya bure, ile programu ya mikutano ya video, inafaa, ila ina kasoro nzito: kikao hukatika dakika ya 40. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa wazee 106 wa Montreal, Kanada. Nusu yao walitembezwa makumbusho ya sanaa kwa intaneti, mara moja kwa wiki, miezi mitatu: dakika 45 za kutazama, 15 za mazungumzo. Hali zao zikawa nzuri kuliko za wenzao wasiotembezwa, na upweke ukapungua. Hiyo ni saa nzima. Kwenye Zoom ya bure kinachomezwa ni yale mazungumzo, na ndiyo wazee wanayoyasubiri.

Kwa hiyo panga hivi: salamu 5, kuchora 20, maongezi 15. Shikamoo za watu kumi hazikimbizwi. Kikao kikikatika mnaweza kuanza kingine, lakini bibi aliyeunganishwa na mjukuu, na mjukuu keshatoka, ndiyo basi tena.

Mwalimu aingie kwa simu mbili: moja ioneshe uso, ya pili ilazwe juu ya marundo mawili ya vitabu, kamera ikitazama karatasi chini. Hii ya pili isiunganishwe na sauti kabisa. Simu mbili chumba kimoja huleta mwangwi, na mwenye masikio mazito hasikii kitu.

Somo zuri ni milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Anzeni na mfaa, ule mhimili wa katikati, kisha mbao mbili, fremu, na nakshi mwisho. Ukianza na nakshi, ua la kwanza linakuwa kubwa kuliko mlango wenyewe.

Penseli iwe 4B, iliyo laini. HB ni ngumu zaidi, inataka kukandamizwa, na vidole vyenye baridi yabisi huuma mapema. Kwa mkono unaotetemeka, izungushie kitambaa na mpira mpaka ijae kiganjani, karatasi ibandikwe selotepu pembe zote nne.

Mkiwa watano au sita tu, achaneni na Zoom, tumieni video ya WhatsApp. Haina hicho kikomo cha dakika 40, na mzee anapokea tu kama simu nyingine yoyote.