ADS1115 kwenye pampu ya kisima: wiki tano za kuitumia

Moduli ya ADS1115, kibodi kidogo kinachogeuza volti za sensa kuwa namba, imekuwa ikinisomea presha ya pampu ya kisima chetu kwa wiki tano, na nasema wazi: ukitaka kusoma volti za sensa kwa bei ya fundi wa kawaida, inunue.

Kabla ya hapo nilitumia pini za analogi (za kusoma volti) za Arduino Uno yenyewe, ile bodi ndogo ya kuprogramu. Hizo zinagawa volti 5 kwa ngazi 1,024, kila ngazi karibu milivolti 5, na presha ilikuwa ikicheza hata pampu ikiwa imezimwa. ADS1115 ni ya biti 16, yaani ngazi zake ni nyingi na ndogo zaidi. Kwenye kipimo cha volti 4.096, ngazi moja ni milivolti 0.125.

Sensa yangu ni ya miliampia 4 hadi 20, bar 0 hadi 10, inalishwa na pawasaplai ya volti 24. Mkondo nimeupitisha kwenye rezista ya om 150, napata volti 0.6 hadi 3. Wengi huweka om 250 wapate volti 1 hadi 5. Hapa sishauri kabisa: pini za moduli hazitakiwi kuzidi volti inayoilisha kwa zaidi ya 0.3, na volti 5 za USB mara nyingi hazitimii.

Siku ya kwanza niliunga A0 na A1, pini mbili za kuingizia volti kwenye moduli, A0 juu ya rezista na A1 chini yake, nisome tofauti ya hizo mbili. Namba zikaruka ovyo. Nikabadilisha waya, nikazichomelea upya pini (zinakuja pembeni, unachomelea mwenyewe), wapi! Jioni ndipo nikaona kwamba hasi ya ile pawasaplai haijaungana na GND (pini ya hasi) ya moduli. Hata ukisoma tofauti, pini zote mbili lazima zibaki kati ya GND na volti ya kulishia. Nikaunga kipande cha waya mweusi, kifupi kama kidole. Geji ya mshale ilikuwa bar 4, mita ikasoma volti 1.56, skrini ikaandika 1.559 na kutulia hapohapo. Nilimwita mke wangu aje aone.

Waya wa sensa una mita 12 na unapita kando ya kebo ya mota, kwa hiyo nimetumia jozi iliyosokotwa yenye shildi, ethi upande mmoja tu. Kasi nimeishusha hadi sampuli 8 kwa sekunde. Presha ya maji haihitaji zaidi. Anayetafuta mtetemo wa mota atafute kifaa kingine, maana hii inaishia sampuli 860 kwa sekunde, na chaneli zote nne zinagawana hizo.

Linaloniudhi ni kukosa skrubu za kubana waya. Pia haina kinga ya kuitenga na umeme wa upande wa sensa, kwa hiyo nimeweka rezista ya kilo-om 10 kabla ya A0, volti 24 zikipotea njia zisiiunguze.

Nimeshaagiza ya pili, ya kina cha tangi. Itakaa kwenye nyaya zilezile mbili za mawasiliano na Arduino, SDA na SCL, ila kwa anwani tofauti.